Feza ya kweli na feza ya juu-juu: vyombo vya zamani katika nyumba za Bukavu

Kati ya maswali ambayo mapadri na makatekista wa Bukavu huulizwa wanapotembelea wakristu, kuna moja ambalo halimo katika vitabu vya teolojia. Mama wa nyumba hutoa sandukuni kitambaa cha zamani. Ndani mna vijiko sita, nyuma nne, birika ndogo isiyo na kifuniko, pengine sinia yenye masikio mawili. Vyote vina rangi nyeupe inayoelekea weusi. Swali ni lile lile: "Padri, hii ni feza kweli? Na bei yake ni gani?" Anayeulizwa hujibu kwa kukisia. Mmoja husema ni feza kwa sababu inang'aa. Mwingine husema ni bati kwa sababu imefifia. Wakati huo mnunuzi wa vyuma vya zamani amekwisha kusimama mlangoni na mizani yake.

Twataka kuonyesha hapa kwamba swali hilo lina jibu, na kwamba jibu lenyewe ni sehemu ya historia ya mji wetu. Chombo cha namna hiyo kimeandikwa. Katika mgongo wa kijiko, chini ya birika, pembeni mwa mdomo wa kalisi, mna alama ndogo ambazo fundi alizigonga ili zisomwe. Asiyezisoma huuza feza kwa bei ya bati, ao hutunza bati miaka makumi manne akidhani ni utajiri wa watoto wake.

Zamani za wazee wetu feza haikuwa madini ya mezani. Bushi na nchi za jirani zilijua chuma. Wahunzi walifua majembe, mikuki na visu. Shaba ilijulikana kwa njia ya bangili. Neno feza ni la Kiarabu. Lilipanda kwetu pamoja na Kiswahili cha pwani, na hata leo masikioni mwa watu wengi lina maana ya pesa kabla ya kuwa na maana ya madini. Wala si ajabu, kwani feza ya kwanza kushikwa katika nchi za maziwa makubwa ilikuwa ya sarafu. Pwani kulikuwa na reale ya Maria Theresa, yenye uzito wa gramu 28 na kitu, ambayo huonyesha mwaka 1780 hata kama ilitengenezwa miaka mia baadaye. Mafundi wa Zanzibar na wa Oman waliyeyusha reale hizo kwa kufanya bangili na mapambo ya jambia. Katika Ruanda na Burundi, kabla ya vita vya 1914, ilizunguka rupia ya Wadachi, gramu 11 na nusu na kidogo. Na Dola Huru la Kongo lilikuwa na sarafu zake tangu 1887: ile kubwa ya franka tano ilikuwa na gramu 25, na katika sehemu elfu moja za madini yake, sehemu 900 zilikuwa feza.

Msomaji ashike vizuri hesabu hiyo ya sehemu elfu, kwani ndiyo ufunguo wa mambo yote yatakayofuata. Feza tupu ni laini mno. Kijiko cha feza tupu kingepinda katika ugali. Ndiyo maana mafundi huichanganya na shaba, na sheria za kila nchi hutaja ni sehemu ngapi za feza zinazotakiwa katika elfu: 950, 925, 900, 835, 800. 

Vyombo vya mezani vilikuja baadaye. Mapadri Weupe walipofungua misioni ya Nyangezi mwaka 1906 hawakula kwa vijiko vya feza. Feza yao ilikuwa katika sakristia, nasi tutarudi huko. Waliokuja na vyombo vya meza ni wakoloni. Mji, ambao tangu 1927 uliitwa Costermansville mpaka ulipolipata tena jina la Bukavu katika miaka ya 1950, ulijaa watu hasa baada ya kuundwa kwa Comité National du Kivu mwaka 1928, ile iliyogawanya mashamba ya kahawa, ya kinini na ya majani ya chai. Sanduku la vijiko na nyuma, zawadi ya arusi, lilipakiwa Antwerpen. Njia moja ilipita Dar es Salaam, ambako Wabelgiji walikuwa na haki ya kushusha mizigo tangu mapatano ya 1921. Kisha gari la moshi mpaka Kigoma, meli juu ya ziwa Tanganyika mpaka Uvira ao Usumbura, na mwishowe barabara ya bonde la Ruzizi. Mzigo uliofanya safari hiyo ulifunguliwa katika nyumba za Muhumba ao za Nyawera. Na aliyeufungua, akavihesabu vijiko, akavisugua kila juma, akajua ni kipi kimepinda na ni kipi kimepotea, mara nyingi hakuwa Madame. Alikuwa mpishi ao boyi wa nyumba. Hilo lisisahauliwe.

Sasa tufike kwenye shina la mashaka. Kwa karne nyingi Ulaya ilikuwa na vyombo vya feza kwa matajiri, na vya risasi-bati ao vya mti kwa wengine. Mwaka 1840 watu wa kampuni ya Elkington, katika mji wa Birmingham, walipata haki ya kulinda ufundi mpya: kutandaza ngozi nyembamba ya feza juu ya madini mengine kwa nguvu ya umeme. Chombo hutumbukizwa katika maji yenye chumvi ya feza, umeme hupitishwa, feza hukaa juu yake pole pole. Miaka miwili baadaye Charles Christofle wa Paris alinunua haki ya kufanya hivyo katika Ufaransa. Kwa kizazi kimoja tu meza ya mwalimu, ya notaire na ya mfanya biashara mdogo ikaanza kung'aa kama meza ya mtemi. Ubelgiji nayo ikawa na viwanda vyake. Jina la Wiskemann wa Bruxelles laonekana mara nyingi kwenye vyombo vya Wabelgiji. Wadachi walikuwa na WMF.

Chini ya ngozi hiyo ya feza mna nini? Mara nyingi mna mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, ambao Wafaransa huuita kwa majina ya Maillot na Chorier, watu wa Lyon: mayeshori. Madini hayo ni meupe, magumu, hayashiki kutu nyekundu, na hayana hata tone la feza. Lakini wafanya biashara walikuwa na ulimi mtamu. Waliyaita alpaka, argentan, "feza ya Wadachi", "madini meupe". Mtu akisoma neno argentan na kuona ndani yake argent, adanganyika akiwa amesoma. Tumeona wasomi wakianguka katika shimo hilo, na hata walimu.

Hapo ndipo namba hufanya kazi yake, tena namba ambazo watu huzielewa vibaya kuliko zote. Kwenye mgongo wa kijiko cha Christofle, karibu na alama ya kampuni, huenda ukaona 84. Kwenye kijiko cha WMF utaona 90. Wengi husema: "Basi, ni feza sehemu 90 katika mia." Sivyo. Namba hiyo hutaja gramu za feza zilizotandazwa juu ya vijiko vikubwa kumi na viwili pamoja na nyuma kumi na mbili, yaani vyombo makumi mawili na vinne. Gawanya 84 kwa 24: kila kijiko kimebeba gramu tatu na nusu za feza. Tatu na nusu! Uma wa feza ya kweli, wa alama 800, wenye uzito wa gramu 60, una feza gramu 48. Kwa hiyo unahitaji karibu vijiko kumi na vinne vya Christofle ili kupata feza ya uma mmoja wa namna hiyo. Na bado feza hiyo imeshikamana na mayeshori, kuibandua ni gharama kuliko faida.

Tuongeze mfano wa huku kwetu. Mwaka 1944, wakati wa vita, Kongo ya Wabelgiji ilitoa sarafu ya franka 50 yenye sura ya tembo. Uzito wake ni gramu 17 na nusu, nusu yake feza. Mzee aliyeficha tembo mmoja katika kibuyu chake anashika feza nyingi kuliko mwenye vijiko viwili vya Christofle, ingawa vijiko ndivyo vinavyoonyeshwa kwa wageni.

Je, ni kusema kwamba vyombo vilivyopakwa feza havina bei? Hapana. Vina bei ya kazi, ya jina la kiwanda, ya umoja wao. Kumi na viwili vilivyokamilika, katika sanduku lao, hununuliwa na mtu anayetaka kuvitumia mezani. Vitatu vilivyobaki, vilivyosuguliwa mpaka mayeshori ya kijivu yanaonekana kwenye ncha za uma na chini ya tumbo la kijiko, havinunuliwi na mtu. Lakini visiuzwe kwa kilo kama feza, wala visinunuliwe kwa kilo kama feza. Kosa la pili latendeka mara nyingi zaidi.

Basi, tusome alama. Atakaye kusoma atafute kioo cha kukuza, mwanga wa jua kutoka pembeni, na kitambaa chenye sabuni kidogo. Asisugue kwa majivu wala mchanga. Twajua desturi ya nyumbani: chombo kikififia, watu huchukua majivu, ao waya wa sufuria. Juu ya sufuria ya alumini ni vizuri. Juu ya kijiko kilichopakwa feza ni kuvua ngozi yake, na juu ya alama ni kufuta maandishi kabla hayajasomwa. Weusi wa feza si kutu. Ni salfa ya hewani na ya chakula, hasa ya mayai, iliyoshikana na feza. Yaondoka yenyewe ukiweka chombo katika maji ya moto yenye bikaboneti, juu ya karatasi ya alumini.

Feza ya Ufaransa ni rahisi kuliko zote. Tangu 1838 ina kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Waroma, amevaa kofia ya vita. Namba 1 kando yake ni 950 katika elfu, namba 2 ni 800. Fundi mwenyewe huweka alama yake katika umbo la almasi. Lakini juu ya chombo kilichopakwa tu, alama ya fundi iko katika mraba. Almasi na mraba: ukikumbuka hayo mawili tu, umekwisha kutenga nusu ya vyombo vya Kifaransa.

Ubelgiji hauna usafi huo. Kwa sheria ya 1868 kupeleka vyombo kwa mpimaji wa serikali hakukuwa tena sharti, kukawa hiari. Kwa hiyo feza nzuri ya Ubelgiji ya miaka ile yaweza kuwa na jina la fundi na namba 800 ao 900 tu, bila sura ya mtu wala ya mnyama. Tangu 1942 huonekana A 835, ile A ikiwa ya argent. Tukipata A 835 katika nyumba ya Bukavu twajua mambo mawili kwa mara moja: ni feza ya kweli, na haikuja na wakoloni wa kwanza. Majina makubwa ya feza ya Bruxelles ni kama Wolfers. Na jina hilo latuhusu kwa njia nyingine. Dola Huru lilipotaka kuonyesha mali yake katika maonyesho ya Tervuren ya 1897, liliwapa mafundi wa Ubelgiji pembe za tembo za Kongo, na Philippe Wolfers akafanya kazi ya pembe na feza aliyoiita "Ustaarabu na Ushenzi", kwa heshima ya Van Eetvelde, mkubwa wa serikali ya Dola hilo. Pembe ilikuwa yetu. Ni nani aliyeitwa mshenzi katika jina hilo, msomaji ajue mwenyewe.

Vyombo vya Wadachi vina mwezi mwandamo na taji, pamoja na namba, mara nyingi 800. Alama hizo zilianza kutumika mwaka 1888. Vyombo vya Waingereza vilifika pia, kwani Kampala na Nairobi hazikuwa mbali kwa mfanya biashara. Feza yao ya 925 ina simba anayetembea, na kando yake alama ya mji: nanga kwa Birmingham, kichwa cha chui kwa London. Tahadhari hapa. Wafanyaji wa vyombo vilivyopakwa walipenda kuandika herufi EPNS moja moja, kila moja katika ngao yake ndogo, ili mtu asiye na kioo cha kukuza aone ngao nne na kudhani ni simba na ndugu zake. EPNS ni mayeshori yaliyopakwa feza kwa umeme, hakuna zaidi.

Alama zikiwa zimefutika, kuna majaribio ya nyumbani. La sumaku watu hulipenda, lakini lasema kidogo: chombo kikivutwa, si feza, kisipovutwa, chaweza kuwa feza, mayeshori, shaba ao alumini. La chai ni bora. Tia kijiko katika kikombe cha maji yanayochemka na ushike ncha ya mkono wake. Feza hupitisha moto upesi kupita madini yote. Mkono wa kijiko cha feza utakuchoma kabla hujahesabu mbali. Mayeshori yachelewa sana. Waliokuwa wapishi zamani hawakuhitaji kioo. Walijua kwa vidole vyao ni vijiko vipi Madame alivificha kwa ajili ya Krismasi.

La tatu ni la uzito, nalo twalipendekeza kwa waseminari wanaopenda hesabu. Pima chombo katika mizani, kisha ukitumbukize katika maji yaliyojaa mpaka ukingoni na upime maji yaliyomwagika, kwa sirinji ya dispensari. Kikombe cha gramu 420 kikiwa feza ya 925 kitamwaga maji mililita 40 na nusu. Kikiwa mayeshori, karibu 48. Tofauti ni ndogo, lakini yaonekana. Jaribio hili halifai kwa visu wala kwa vinara. Mkono wa kisu una ndani ulimbo mgumu, na ubao wake ni chuma. Kinara hujazwa tumboni ili kisianguke. Mnunuzi mwaminifu hupima feza yake peke yake. Mwingine hupima ulimbo anapouza, na kuutoa anaponunua. Mafundi wa dhahabu wa mji wetu wana asidi pia, nao hukwaruza na kudondosha. Wafanye hivyo mahali pasipoonekana, tena alama zikiwa zimekwisha kunakiliwa, si kabla.

Tumesema tutarudi katika sakristia. Humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya feza ya kweli katika nchi yetu, na humo ndimo hasara imekuwa kubwa. Rubrika za misale ya Kiroma zilitaka kalisi iwe ya dhahabu ao ya feza, ao angalau kikombe chake kiwe cha feza kilichopakwa dhahabu ndani, na patena vile vile. Soma tena neno hilo "angalau". Familia ya wakulima wa Flandria iliyotaka kumpa kijana wake kalisi siku ya upadrisho haikuweza kulipa kalisi nzima ya feza. Mafundi wakajua la kufanya. Kalisi huunganishwa kwa parafujo: kikombe juu, kifundo katikati, mguu chini. Kikombe kilifanywa cha feza, kama sheria ilivyotaka. Kifundo na mguu vikawa vya shaba iliyopakwa. Kwa hiyo anayegeuza kalisi na kutazama chini ya mguu huenda asione alama yoyote ya feza, akasema: "Ni shaba." Minerva yake iko juu, nje ya kikombe, karibu na mdomo, ndogo kama mbegu ya ulezi. Na kwa ndani, ule unjano si dhahabu nzima, ni ngozi ya dhahabu tu.

Katika parokia moja, ambayo hatutaitaja, kalisi ya zamani iliyovunjika mguu ilitolewa kwa mnunuzi wa shaba pamoja na sufuria zilizotoboka. Mguu ulikwaruzwa, ukaonyesha njano, basi, shaba. Walilipwa kwa kilo. Patena yake ilibaki kabatini kwa kusahauliwa. Ina Minerva yenye namba 1. Patena na kikombe hufanywa pamoja. Haihitajiki elimu kubwa kujua ni kitu gani kilichokwenda katika tanuru pamoja na sufuria.

Wala jambo hilo si la feza tu. Kanuni za 1917, katika namba 1305, zilisema chombo kilichowekwa wakfu hupoteza wakfu wake kikiharibika hata kisifae tena, ao kikitumiwa kwa mambo yasiyo ya heshima, ao kikiwekwa mnadani. Lakini kalisi haipotezi wakfu kwa kuisha dhahabu yake. Kanuni za 1983 zataka, katika 1171, vitu vitakatifu viheshimiwe hata vikiwa mikononi mwa mtu binafsi. Namba 1283 yamtaka msimamizi wa mali aandike orodha kamili ya vitu vya thamani na vya utamaduni. Na namba 1292 yasema kwamba vitu vya thamani kwa sababu ya sanaa ao historia, na vile vilivyotolewa kwa nadhiri, haviuzwi bila ruhusa ya Kiti Kitakatifu. Padri mgeni katika parokia hawezi kujua ni kitu gani kiko chini ya kanuni hiyo kama hakuna aliyeandika. Kalisi ya mmisionari wa kwanza ikiwa ya shaba tupu, bado ni ya historia. Tena twaona ni vibaya kwamba mara nyingi orodha hutaja "kalisi tatu, siboryo mbili", kama mtu anayehesabu mbuzi bila kusema rangi zao.

Katika nyumba za watu swali gumu ni lingine: kimefikaje hapa? Julai 1960 Wabelgiji wengi waliondoka kwa haraka. Wengine waliuza vyombo kwa bei ya safari. Wengine walimwachia mpishi sanduku na ufunguo, wakisema watarudi. Mwaka 1967, toka Agosti mpaka mwanzo wa Novemba, mji ulikuwa mikononi mwa Schramme na mamluki wake, nyumba zikafunguliwa na kila aliyepita. Tarehe 30 Novemba 1973 ikaja amri ya kuwapa Wazairwa biashara na mashamba ya wageni, na mara nyingi kabati la vyombo lilipita pamoja na duka. Vita vya 1996, siku za Juni 2004, Februari 2025: kila mara vitu vilifichwa, vikazikwa, vikahama. Kwa hiyo herufi mbili zilizochorwa juu ya mkono wa kijiko, herufi za jina lisilo la familia inayokimiliki, hazithibitishi wizi. Zathibitisha tu kwamba kijiko kilikuwa na mwenyewe wa kwanza. Tusimwaibishe mjane wa mpishi kwa swali ambalo mume wake pengine aliweza kulijibu kwa barua iliyooza zamani. Lakini kikiwa chombo cha altare, hapo hatuwezi kunyamaza. Katekista aliyekificha wakati wa vita alifanya vema sana. Mtoto wake anayekitumia kama kikombe cha bia, ao anayekitafutia mnunuzi, aambiwe kwa upole kwamba baba yake alikuwa mlinzi wa kitu hicho.

Kuhusu bei twaweza kusema njia, si hesabu, kwani bei ya feza hubadilika kila siku. Feza ya kweli: uzito wa gramu, mara namba ya alama, gawanya kwa elfu. Kijiko cha gramu 70 chenye alama 835 kina feza gramu 58 na nusu. Bei ya dunia hutajwa kwa onsi ya gramu 31 na sehemu moja ya kumi. Anayenunua kwa kuyeyusha hatalipa yote, naye lazima apate chake. Hiyo ni bei ya chini, bei ya kifo cha chombo. Fundi wa jina, kazi ya mkono, sanduku kamili, maandishi yenye mwaka, hivyo huipandisha. Na mwenye A 835 ao Minerva asiuze kabla hajaonyesha picha za alama kwa watu wawili wasiojuana. Vilivyopakwa: bei ya kutumika, basi. Na vitu vya bati tupu, vile vikombe vizito vya kijivu ambavyo Wabelgiji walipenda kupanga juu ya kabati, havina feza yoyote, ingawa bati ni utajiri wa Kivu na Maniema. Vina uzuri wao. Alumini ya sufuria haina hata huo.

Jambo tunaloliomba kwa waseminari wakati wa likizo ni dogo. Wachukue daftari. Kwa kila chombo, cha parokia ao cha nyumba inayokubali, waandike: ni nini, kimo chake kwa sentimita, uzito wake, mahali alama ilipo, na kuichora alama hiyo kubwa, kama ilivyo, bila kuisahihisha. Waandike maandishi yote, hata yale ya Kiflandria wasiyoyaelewa. Chini ya mguu wa kalisi mara nyingi mna jina la mtoaji na mwaka wa upadrisho. Waulize wazee kilitoka wapi, na waandike jibu kwa maneno ya mzee mwenyewe. Kando ya jina la kiwanda cha Bruxelles waandike pia jina la sakristani ao la mpishi aliyekisugua, kama bado kuna anayelikumbuka.